Shajara ya mradi: kuwajua majirani, mlango kwa mlango

Lengo

Mtaa wetu ni barabara fupi. Una nyumba 23 pande zote mbili, na mwishoni kuna jengo la ghorofa 3 lenye wapangaji. Watu wanasalimiana vizuri, wanapungiana mikono wakipishana, kisha kila mtu anaingia kwake na kufunga geti. Wapo walioishi ukuta kwa ukuta kwa miaka na hawajuani majina.

Nimeliandika lengo kwa namna ya kupimika: kila nyumba iwe na milango mitatu ya majirani inayoweza kuigongea saa nane usiku bila kusitasita. Maneno kama "mshikamano" nimeyaacha, maana kila mtu huyakubali papo hapo na hakuna anayeinuka kitini.

Kilichonisukuma ni habari za Julai 1995 katika jiji la Chicago, Marekani. Wimbi la joto lilisababisha vifo 739 zaidi ya kawaida katika wiki moja. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha maeneo mawili yanayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Umaskini ulikuwa unakaribiana, na idadi ya wazee wanaoishi peke yao pia. Hata hivyo kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa karibu mara 10 ya jirani yake. South Lawndale njia zilikuwa na watu na maduka, mzee alikuwa na pa kutoka na mtu wa kumuulizia. North Lawndale mitaa ilikuwa imehamwa, na wazee walijifungia ndani. Mwaka huohuo, tetemeko la ardhi la Kobe, Japani, liliua watu zaidi ya 6,000, na wengi wa waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na ndugu na majirani kabla waokoaji hawajafika. Anayekuokoa kwanza ni yule anayejua unalala chumba kipi.

12 Januari: ramani

Nimechora mtaa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, kila nyumba kisanduku chake. Ndani ya kila kisanduku ni jina na kitu kimoja ambacho mtu huyo anakiweza: kushona, kurekebisha umeme, kufundisha hesabu, kukaa na watoto. Safu hiyo ya uwezo imetokana na mbinu ya watafiti wa Marekani John Kretzmann na John McKnight, ambao mwaka 1993 walisisitiza kwamba kazi ya mtaa ianze na kile watu walicho nacho kabla ya kuorodhesha shida zao. Visanduku vingi vimebaki vitupu. Hata jirani tunayechangia naye ukuta wa nyuma, ambaye geti lake linatazama barabara nyingine, nilikuwa simjui kwa sura.

Kwa atakayeiga: ramani hii isitoke nyumbani, isipigwe picha, isiwe na namba za simu. Usiandike nani yuko safarini wala nani analala peke yake. Karatasi hiyo ikianguka mikononi mwa mwizi isimfae kitu.

Gharama ni karatasi, kalamu na jioni moja.

2 Februari: barua na mkutano

Tuliandika barua fupi, tukazisukuma chini ya milango yote, tukiwaalika watu kwenye mkutano wa kufahamiana siku ya Jumamosi saa kumi jioni. Walikuja wachache, na karibu wote walikuwa tayari wanafahamiana. Tukakaa duara, kila mmoja akajitambulisha, pakapoa. Mtu mmoja akauliza ajenda ni nini, na jibu la maana halikuwepo.

Nimezunguka baadaye nikiwauliza ambao hawakuja, na majibu yamenifunza kuliko mkutano wenyewe. Wanaofanya kazi kwa zamu walikuwa wamelala au wanajiandaa kutoka. Mama mwenye mtoto mchanga alisema hana mikono ya ziada. Mzee mmoja alidhani ni mchango. Na kijana wa ghorofa ya pili alisema wazi: "Nikija kwenye mkutano wa watu nisiowajua, nitaongea nini?"

Swali lake ndilo kiini. Mkutano unamtaka mtu atoe jioni yake, akae mbele ya wageni na aseme kitu. Hayo ni mengi kwa mtu ambaye hata jina lako halijui. Mkutano unafaa watu wakishakuwa na jambo la kuzungumza. Tumeusogeza mwisho wa mpango.

16 Februari: kuomba badala ya kutoa

Baada ya mkutano nilijaribu njia ambayo wengi huanza nayo: kwenda na zawadi ndogo. Watu walipokea kwa adabu, wakashukuru, na mlango ukafungwa. Wawili watatu walirudisha zawadi inayolingana siku iliyofuata, kama mtu anayelipa deni ili yaishe. Zawadi kutoka kwa mtu usiyemjua inakuweka kwenye hesabu.

Ndipo taa ya mbele ya nyumba ikaungua na ngazi yetu ilikuwa fupi. Nikaenda nyumba ya sita, kwa mzee ambaye kisanduku chake kilikuwa kitupu.

"Shikamoo mzee. Samahani kukusumbua, naishi pale kwenye geti la bluu. Natafuta ngazi ndefu ya kubadilishia taa, naweza kuazima kwako?"

"Marahaba. Ngazi ipo, lakini ile ina mguu mmoja umelegea. Ngoja nije nikushikie."

Akaja na ngazi begani, akanishikia, akaniambia soketi ile ina kutu na itaunguza taa nyingine nisipoisafisha. Kumbe alikuwa fundi umeme maisha yake yote. Alibaki getini akizungumza mpaka giza likaingia, na alipoondoka alikuwa ameshanitajia majina ya nyumba nne zinazomfuata, nani ni mtoto wa nani, na nani hasemezani na nani. Kesho yake alipita akauliza taa inawaka?

Jambo hili si geni. Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, ameeleza jinsi alivyomshinda mpinzani wake katika baraza la Pennsylvania: alimwomba amwazime kitabu adimu, akakirudisha baada ya kama wiki moja na barua ya shukrani, wakawa marafiki hadi kifo. Mwaka 1969 watafiti Jecker na Landy walilipima jambo hilo kwenye jaribio, wakaona kwamba mtu uliyemwomba fadhila na akakutendea huelekea kukupenda zaidi. Anayeombwa anaambiwa kwamba ana kitu cha thamani, na anapewa sababu ya kukuulizia tena.

Tangu hapo mradi mzima umegeuka. Tunaomba kwanza. Ombi liwe dogo, la kweli, na lenye mwisho: ngazi, toroli, pampu ya baiskeli, ushauri kuhusu mche unaonyauka. Pesa isiombwe kamwe. Mpe mtu nafasi ya kukataa bila aibu ("kama hakipo karibu usihangaike"). Rudisha siku uliyoahidi, kikiwa kisafi kuliko ulivyokipokea, na ukirudisha usikimbie.

Mapungufu ya njia hii yalijitokeza mapema. Nyumba ya tisa iliombwa keekee na watu watatu tofauti ndani ya wiki moja, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesikia ipo. Mwenyewe akaanza kukunja uso, na ana haki. Sasa tunaangalia ramani kabla ya kuomba, na tunakwenda kwa ambaye hajaombwa muda mrefu. Ombi bora ni lile linalompata mtu ambaye watu wamemzoea kama wa kupokea tu. Bibi wa nyumba ya kumi na nne, ambaye kila mtu alikuwa akimpelekea kitu, ndiye aliyetufundisha kukunja pindo la pazia. Alifurahi kuliko siku zote alizopelekewa vitu.

9 Machi hadi 6 Aprili: benchi

Mwaka 1950 wanasaikolojia Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao wa makazi ya wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Watu walipotaja marafiki, asilimia 41 ya waliokaa mlango kwa mlango walitajana, na asilimia 10 tu ya waliokaa ncha mbili za korido hiyohiyo. Waliokaa karibu na ngazi au masanduku ya barua walipata marafiki wengi zaidi, hata wa ghorofa nyingine, kwa sababu tu watu walipita hapo. Basi tukataka mahali pa kupita panapomruhusu mtu kusimama.

Mbao zilitoka kwenye kitanda kibovu cha nyumba ya tatu. Tulinunua skrubu, msasa na vanishi. Mchana mmoja ulitosha kuunda benchi: urefu wa mita moja na nusu, kiti sentimita 45 kutoka chini ili mzee ainuke bila taabu, na egemeo. Kabla ya hapo tuliomba ruhusa kwa wenye mamlaka ya barabara, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko useremala. Iombeni mapema.

Tuliliweka kwanza chini ya mti, mahali pazuri kuliko pote mtaani. Halikukaliwa. Palikuwa na kivuli na utulivu, lakini hapakuwa na sababu ya mtu kufika. Tukakaa jioni kadhaa tukiangalia watu wanapopita na wanaposimama, na jibu likawa kwenye kona ya jengo la ghorofa, ambako wapangaji hushuka na taka na wazazi huwasubiri watoto wa shule. Tukalihamishia pale na siku hiyohiyo likapata watu.

Yakafuata mambo mawili. Mvua ilipokuja miguu ilizama, benchi likalala upande. Tulichimba, tukaweka mawe bapa chini ya kila mguu na kushindilia. La pili lilikuwa zito zaidi: mpangaji wa chini alilalamika kwamba vijana wanakaa chini ya dirisha lake hadi usiku wa manane na yeye anaamka alfajiri. Wengine walisema azoee. Mimi naamini jambo la jumuiya linaloanza kwa kumnyima mtu mmoja usingizi limeshaharibika. Tulikwenda kwake watu wawili, tukamwomba atuonyeshe yeye mwenyewe sentimita ngapi zingemfaa. Alitembea nasi, akaonyesha upande wa pili wa lango, hatua chache tu. Tukalihamisha mara moja. Siku hizi naye hukaa pale jioni, na vijana wakizidisha sauti yeye ndiye anayewaambia, nao humsikiliza.

11 Mei: kundi la simu

Kundi la WhatsApp lilianzishwa kwa nia njema na karibu livunje kila kitu. Ndani ya wiki chache lilijaa jumbe za kusambazwa, siasa, biashara na picha za asubuhi njema. Watu wakalizima sauti, hivyo tangazo la maji kukatwa halikuonekana. Kisha mtu akaweka picha ya gari lililoziba geti lake, pamoja na maneno makali. Mwenye gari alikuwa ndani ya kundi hilohilo. Nyumba mbili zikachukua pande, na watu waliokuwa wakisalimiana wakaacha.

Tulichobadilisha: kuna kundi la matangazo tu, ambamo wasimamizi watatu pekee huandika (maji, umeme, msiba, mtoto aliyepotea, mlango uliobaki wazi), na kundi la pili la mazungumzo kwa anayependa. Kanuni ni moja na haina msamaha: jambo linalomhusu mtu fulani halipelekwi kundini, linapelekwa mlangoni kwake. Ugomvi wa gari tuliumaliza kwa miguu. Mzee wa ngazi alikwenda nyumba zote mbili jioni tofauti, akasikiliza, na mwishowe mwenye gari alipaka mwenyewe mstari mweupe unaoonyesha geti linapoanzia.

Wapo wasio na simu janja, na wapo wasiotaka. Kila mmoja wao ana jirani mmoja aliyekubali kumpelekea habari kwa mdomo. Tuliwaacha wachague wenyewe nani awapelekee, na hilo ni muhimu: si kila aliye karibu ndiye unayemtaka mlangoni.

22 Juni: siku ya mtaa

Huko Paris, mwaka 1999, Atanase Périfan alianzisha siku ya majirani katika wilaya ya 17, na imesambaa nchi nyingi. Tulichokipenda ni wepesi wake: hakuna jukwaa, hakuna mgeni rasmi, kila mtu anatoka na kiti chake.

Tuliomba barabara ifungwe kwa mchana mmoja, na tukapata ruhusa. Nilisisitiza iwe barabarani kwenyewe. Mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alipopima mitaa mitatu ya San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi wa mtaa wenye magari kama 2,000 kwa siku walikuwa na wastani wa marafiki 3.0 mtaani kwao, na wa mtaa wenye magari kama 16,000 walikuwa na 0.9. Barabara ikinyamaza, watu huvuka.

Saa ya kwanza hawakuvuka. Kila nyumba iliketi na watu wake mbele ya geti lake, viti vimepangwa kama msibani. Kilichofungua mambo ni mfereji. Ulikuwa umeziba tangu mvua, na mtu mmoja akaleta koleo akaanza kuuzibua ili mpira wa watoto usitumbukie. Wawili wakamsaidia, mwingine akaleta toroli, na muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa umeinama kwenye mfereji mmoja, watu wakipokezana ndoo na kuulizana majina. Kijana aliyesema hana la kuongea aliongea saa nzima na mshonaji wa nyumba ya pili kuhusu namna maji yanavyoshuka kutoka kwenye paa la jengo lao.

Tukirudia tutaanza na kazi. Kazi ya mikono inampa mtu mahali pa kutazama na jambo la kusema. Iwe fupi, iwe na sehemu kwa asiyeweza kuinama, na iishe siku hiyohiyo.

20 Julai: bomba limepasuka

Usiku wa kuamkia leo maji yalianza kutoka chini ya geti la nyumba ya kumi na saba. Wenyewe wako safarini. Aliyeyaona ni mlinzi wa jengo, akamgongea mtu wa nyumba ya kumi na nane, naye akajua nani ana ufunguo. Fundi wa zamani akaja na tochi. Ndani ya nusu saa koki kuu ilikuwa imefungwa na zulia limetolewa nje. Miezi sita iliyopita maji yale yangetiririka hadi asubuhi.

Lakini kuna pengo. Maji yalikuwa yanaelekea kwa bibi wa nyumba ya kumi na nne, ambayo iko chini kidogo, na alipogongewa hakusikia. Usikivu wake umepungua, na kengele yake iko sebuleni wakati yeye hulala nyuma. Mtu aliyeshika zamu ya kumpelekea habari hakuwa akijua hilo.

Tumekwenda kumuuliza leo. "Wanangu, mlangoni mtagonga mpaka mchoke," alisema. "Njooni dirisha la nyuma, mmulike tochi ukutani. Mwanga naamka nao." Tumejaribu pamoja naye mara mbili jioni hii. Sasa tunazungukia kila nyumba na maswali matatu: koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme ziko wapi, ufunguo wa akiba yuko nao nani, na usiku tukuamshe vipi. Majibu hayaandikwi popote. Yanawekwa vichwani mwa majirani watatu ambao mwenye nyumba amewachagua. Anayekataa kujibu anaachwa kwa heshima.

14 Septemba: wanaohama na wanaohamia

Wapangaji wanne wa jengo wamehama na ramani imechakaa. Hili litaendelea daima, kwa hiyo tumeliwekea utaratibu: ndani ya wiki ya kwanza, mtu mmoja (kundi humtisha mgeni) humtembelea aliyehamia. Anampa jambo moja la kumfaa, kwa mfano siku ya kuzolewa taka, na anamwomba jambo moja dogo.

Nyumba mbili zimesema hazitaki kutembelewa. Tumeweka alama kwenye ramani na hatugongi. Zinapata matangazo ya dharura kama wengine. Nawasihi watakaoiga wasiigeuze nyumba ya namna hiyo kuwa gumzo. Kuwajua majirani ni pamoja na kujua nani anataka ukimya.

9 Novemba: hesabu ya sasa

Tumezunguka kuuliza swali la lengo: ungegonga wapi saa nane usiku? Nyumba 17 kati ya 23 zimetaja milango mitatu au zaidi. Nne zimetaja mmoja au miwili. Mbili ndizo zile tusizozigonga. Kwenye jengo hali ni dhaifu zaidi, wengi wametaja mlango mmoja, na hata hapo ni wa korido yao.

Kwa anayevunjika moyo kwa kasi ndogo: mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall alikadiria kwamba watu huhitaji kama saa 50 pamoja ili kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kuwa marafiki, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu sana. Dakika kumi za benchi zinahesabika humo. Nasi hatuhitaji kila jirani awe rafiki wa karibu. Mlango wa kugonga unapatikana mapema kuliko hapo.

Kazi inayofuata ni ngazi za jengo. Pale mlangoni hakuna njia ya kiti cha magurudumu, na mpangaji mmoja wa chini hutoka nje pale tu anapopata wa kumbeba. Mwenye jengo amekubali tujenge mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda tunahitaji sentimita 12 za urefu, na kizingiti kina sentimita 30, hivyo ni mita 3.6 na benchi litabidi lihamishwe tena. Yule mpangaji aliyelalamikia benchi ameshatuonyesha pa kuliweka. Mbao za kushikilia zege zipo nyumba ya tatu, toroli lipo nyumba ya tisa, na saruji bado tunatafuta.